Kibao cha Dokta wa Mtaa Wetu

Neno lile niliandika mimi. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenilazimisha, na sikuwa nimelewa. Niliandika kwa rangi nyekundu, herufi zimenyooka vizuri kabisa, halafu baada ya muda nikaja kuliamini kama mtu aliyelikuta limeandikwa na Serikali. Kalemie nimekutana na wajinga wengi, lakini mjinga aliyedanganywa na kibao alichokichora mwenyewe ninamjua mmoja tu, na ndiye ninayemnyoa ndevu kila Jumapili.

Miaka ile ya Zaire nilikuwa ninaishi kwa kuandika. Si vitabu. Niliacha sekondari katikati, minerval, ile karo ya shule, ilipokosekana nyumbani, nikabaki na kitu kimoja ambacho mapadri walikuwa wamekisifu: mwandiko. Basi watu waliniletea mbao. Niliandika majina ya mitumbwi, majina ya bar, misalaba ya makaburini. Nilifanyia kazi yote kibarazani, kwa sababu mimi ni mtu wa nyumbani. Ziwa lilikuwa mwisho wa njia yetu, na yalipita majuma sijashuka kuliangalia. Mke wangu alizoea kusema kwamba siku maji yakipanda itabidi watu waje kuniarifu.

Katika kazi ile mteja haleti maneno. Analeta ubao na hamu yake. Mwenye bar anataka watu waingie. Maneno ya kuwaingiza nitayatafuta mimi. Nilikuwa ninapima ubao kwa uzi, ninapiga mistari kwa chaki, halafu ninachagua maneno yanayoujaza vizuri bila kubakiza pengo upande wa kulia. Hata kwenye misalaba niliongeza "mpendwa wetu" bila kuuliza kama marehemu alipendwa. Nafasi ilikuwepo, nikaijaza.

Mtu mwenyewe aliyekuja na ubao wa neno lile alikuwa jirani yetu, nyumba ya nne kutoka kwetu. Alikuwa ametumika miaka mingi hospitalini kama garsoni wa sale: alifagia wodi, alimwaga mikojo, alishika sinia wakati wauguzi wakichoma wagonjwa sindano. Alikuwa mpole, mikono yake safi kuliko ya mapadri. Walipopunguza wafanyakazi alirudi nyumbani na koti lake jeupe, na akaanza kuwachoma sindano watu wa mtaa katika chumba chake cha mbele. Sindano alizichemsha vizuri, kwenye sufuria isiyopikiwa kitu kingine. Hilo lazima niliseme.

Watu walimwita dokta. Haikuwa na maana kubwa. Kwetu kila mwenye koti jeupe aliitwa dokta: mganga mkuu, muuguzi, mtu wa kupima damu, hata yule anayefungua dirisha la famasi. Ilikuwa heshima tu, kama unavyomwita Papa mtu ambaye si baba yako. Na ilikuwa miaka ambayo sote, mkubwa na mdogo, tuliitwa citoyen, yaani raia, kwa amri ya Serikali. "Monsieur" ilikuwa imekatazwa pamoja na tai. Nadhani watu walikuwa na njaa ya kuitwa kitu kingine chochote.

Yeye mwenyewe, kusema kweli, hakuomba makuu. Aliniambia niandike kwamba hapa wanachoma sindano, basi, watu watafahamu. Nikamcheka. Nilimwambia kibao cha namna hiyo ni kama mwenye bar kuandika kwamba hapa wanalewa. Halafu maneno yenyewe kwa Kifaransa, jinsi vibao vyote vilivyoandikwa, yalikuwa marefu, ubao mfupi.

"Watu wanakuita nani?" nikamuuliza.

"Wananiita dokta."

"Basi tunaandika vile wanakuita."

Akaangalia njiani. "Na wakubwa wa hospitali wakiona?"

Nikamwambia wakubwa wa hospitali hawapiti njia yetu, wanaogopa kuharibu viatu. Akacheka na yeye. Hivyo ndivyo tulivyomzaa daktari, watu wawili kibarazani, bila chuo kikuu.

Niliandika DOCTEUR kwa nyekundu juu ya nyeupe, na chini yake msalaba mwekundu. Pembeni nikabakiza nafasi. Nilikuwa nimeona kwenye sanduku la dawa nyoka aliyejisokota kwenye fimbo, nikajaribu kumchora. Alitoka mnene mno. Mama mmoja jirani, mwenye kuuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, sokoni, akasimama na beseni lake kichwani, akamwangalia kwa muda mrefu. Akauliza kambare huyu kwenye mti ni wa kuuza ao ni wa kuangalia tu. Mtaa mzima ulicheka juma zima. Nami nilicheka, lakini iliniuma, maana herufi hakuna aliyezisifu.

Kibao kikatundikwa, na kikafanya kazi yake. Kwanza walikuja watu wa mitaa ya jirani, wasiomfahamu tangu alipokuwa anabeba ndoo. Kisha wakaja wageni walioshuka kwenye gari-moshi kutoka Nyunzu na Kabalo, wanauliza njia: dokta mwenye kibao anakaa wapi? Jirani yetu akabadilika. Si kwa ubaya. Alianza kutembea polepole. Aliweka kalamu mbili kwenye mfuko wa koti. Kabla ya kuchoma sindano alianza kuuliza maswali na kutikisa kichwa, na wale waliomwita Papa hakuwaitikia upesi. Kutoka kibarazani kwangu nilikiona kibao kile kila asubuhi, ninapokunywa chai. Nilikipenda. Jua likikipiga, neno lilisimama peke yake kama limezaliwa pale. Nimewahi kufikiri kwamba mtu aliyeandika vizuri namna ile hawezi kuwa ameandika uongo.

Mtoto wetu wa kike alikuwa hajaanza shule alipopata homa. Alikuwa na tabia ya kukaa chini ya meza yangu na kupaka chaki kwenye vidole vya miguu yake. Siku ile hakuja kukaa. Alilala mkekani anatetemeka, macho mekundu. Malaria, hatukuhitaji kuambiwa. Mke wangu alikuwa tayari amemfunga mgongoni. Alitaka twende hospitali kubwa.

Hospitali kubwa maana yake ni kuvuka daraja la Lukuga kwa miguu, kupanda, kukaa kwenye benchi tangu asubuhi, kuambiwa dawa zimekwisha, kurudi. Mvua ilikuwa inanukia upande wa ziwa. Na mimi, nimekwisha kuwaambia, ni mtu wa nyumbani. Nikasema tutaenda kufanya nini kule, wakati dokta tunaye hapa hapa.

Mke wangu akageuka kuniangalia. "Yule amekuwa dokta tangu lini?"

"Hukuona kibao?" nikamjibu.

Sikutania. Ningependa kusema nilikuwa ninatania, maana utani ndio mnaonijua nao, lakini hapana. Nilimwonyesha kwa kidole, na kile kilichokuwa kwenye ncha ya kidole changu ni kazi ya mkono wangu mwenyewe. Alibishana kidogo, akanikumbusha ndoo na mifagio. Nikamwambia kwa Kifaransa kwamba mambo hayo yamepita. Alipoona nimefika kwenye Kifaransa alichoka, akamfungua mtoto mgongoni, akanipa. Nikambeba mwenyewe, mchana, mbele ya watu wote.

Jirani alitupokea vizuri. Alinawa mikono. Alichukua kinini, dawa ya malaria, akamlaza mtoto kifudifudi magotini mwangu, akamchoma kwenye tako. Mtoto alilia kilio ambacho sikuwa nimekisikia kwake, kirefu, kisha kikakatika. Jirani akasema wote wanalia. Homa ilishuka siku ya pili. Nilimsifu mbele ya mke wangu, nikamsifu njiani, nikamsifu kwa yule mama wa ndagala. Nikasema, mnaona?

Homa iliposhuka kabisa mtoto akataka kusimama, akaanguka. Tukadhani ni udhaifu. Akasimama tena. Mguu wa upande ule wa sindano ulining'inia, unyayo unaburuta, vidole vinaangalia chini. Niliuinua unyayo kwa mkono, nikauachia, ukashuka. Nikauinua tena. Nilifanya hivyo mpaka mke wangu akanishika mkono niache.

Safari hii tulivuka daraja. Mvua ilitupiga njia nzima. Daktari aliyekuwa pale alikuwa kijana, macho ya mtu asiyelala. Alimpiga mtoto kwenye goti, akamkwaruza unyayo, akamtazama tako. Akatuambia sindano imegusa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, ule unaopita pale ndani. Tako lina sehemu yake ya kuchomwa, juu na kwa pembeni, na anayejua haingii katikati. Mguu utapata nguvu kidogo kidogo, alisema, lakini tusitegemee urudi wote.

Akauliza nani alimchoma.

"Dokta wa mtaa," nikasema.

"Dokta wa mtaa alisomea wapi?"

Nilikuwa nimekaa na mtu yule kibarazani, nimempimia ubao, nimemchagulia jina, nimemchorea nyoka. Swali hilo sikuwa nimemuuliza. Nikasema hata hivyo ana kibao.

"Na kibao aliandika nani?"

Mke wangu aliniangalia. Nikasema sijui.

Mke wangu alisubiri mpaka tumefika nyumbani. Hakunitukana. Alisema tu kwamba yeye hatalisema neno hili kwa mtu, mimi nitalisema mwenyewe siku nitakayoweza. Tangu siku ile aliuhamisha mkeka wa mtoto kutoka chini ya meza yangu ya kazi akauweka upande wake. Alimkanda mguu kwa mawese ya moto kila jioni, na mimi nilifunga mianzi miwili uani ili mtoto ajifunze kutembea katikati yake. Mianzi ile iko safi sana. Niliipiga msasa. Ni kazi pekee ya mkono wangu katika habari hii ambayo sijutii.

Jirani alikuja akiwa na kuku. Alikaa chini, si kwenye kiti, akalia. Nilitaka kumkasirikia na hasira ikakataa kuja yote. Akaniambia, "Nilichoma pale nilikuwa naona wanachoma." Miaka yote ile alikuwa amesimama na sinia upande wa kichwa cha mgonjwa. Aliona kutoka pale alipowekwa.

Nikamwomba ashushe kibao. Hapo machozi yakakauka. Aliniuliza watu wanaotoka Nyunzu na wagonjwa wao, wameshatumwa kwake, atawaambia nini? Kwamba yeye ni nani? Neno nilimpa mimi, yeye ameshahamia ndani yake na watoto wake wanakula humo. Kuku, jirani alimwacha pale. Hatukumla, alizeeka kwetu.

Nilikaa kimya muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Nilijiambia kila mtu ana akili zake, kwamba mimi ni fundi wa rangi tu, kwamba fundi wa misalaba haulizwi nani aliua. Mtoto akaanza kutembea. Hatua moja inapiga, moja inaburuta. Mpaka leo, mwanamke mzima mwenye watoto wake, akija kututembelea ninamsikia kabla sijamwona.

Kilichonitoa kwenye kiti ni yeye. Alikuwa ameanza shule, anajifunza kuunga herufi, anasoma kila kitu: mifuko ya saruji, mitumbwi, ukuta wa kanisa. Tulipokuwa tunarudi Misa akasimama mbele ya kibao, kidole hewani, akakisoma kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa furaha kabisa, kama ni mwandiko wangu. Alikuwa ameutambua kutokana na mkia wa ile R.

Kesho yake asubuhi nilichukua kopo la chokaa na stuli, nikaenda mwenyewe, mimi nisiyetoka. Jirani alikuwa amekwenda bandarini. Nikapaka kibao chote cheupe, msalaba, kambare, neno. Wagonjwa wawili waliokuwa wanangoja waliniuliza kama dokta amehama. Nikawaeleza kwamba hakuna dokta hapa, hajawahi kuwepo. Wakaangaliana. Mmoja akasema wivu wa mtaa huu umezidi. Hawakuondoka.

Mvua mbili zilitosha. Chokaa ilishuka kwenye ukuta kama maziwa, nyekundu ikachomoza tena, safi kama siku niliyoipaka. Nikarudi na chokaa. Jirani sasa alikuwa nyumbani, amesimama mlangoni na kalamu zake mbili, hakunizuia wala hakunisalimu. Nyuma yangu akasimama yule mama wa ndagala, beseni kichwani, akauliza ninatafuta nini juu ya stuli kila mara, nitaanguka. Nilikuwa nimechoka, nikaamua siku imefika. Nikamwambia yote: kwamba neno lile niliandika mimi, kwamba ni uongo, kwamba ninalifuta ili kibao hiki kisimdanganye mtu mwingine kama kilivyowadanganya yeye na wenzake.

Aliteremsha beseni, akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akakiangalia kibao, halafu mimi, kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Papa, miye sijui kusoma, pale nilionaka kambare tu. Batoto yangu niliwaleta huku, juu ya vile nilikuona weye, muntu wa masomo, unaingia mule na mutoto wako mukononi."