Blogu ya Ndiva na Zamu ya Alhamisi

Jumatatu moja asubuhi blogu yangu ilikuwa inauza dawa za kupunguza tumbo. Ukurasa wa zamu za maji, unaosomwa na kila kaya inayomwagilia kwa ndiva yetu huko mlimani, ulikuwa umetoweka. Mahali pake palikuwa na picha ya mwanamke mwembamba anayecheka, na maandishi ya lugha nisiyoijua.

Aliyenijulisha ni jirani wa shamba letu, mama mjane anayelima maharage. Alinipigia nikiwa Same mjini, kikombe cha chai bado mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nimefungua simu nione zamu yangu, nimekuta dawa ya vitambi. Mimi na kitambi wapi na wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Maharage yametoa maua," alisema. "Zamu yangu ni Alhamisi. Nikiikosa, mpaka zamu irudi nitakuwa na majani ya kulisha mbuzi tu."

Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha. Asubuhi mwenye zamu huzibua, na maji hushuka kwa mfereji hadi shambani kwake. Zamu ziliandikwa kwenye daftari la kamati hadi mchwa walipolila. Mimi nimefanya kazi ya kuripoti habari kwa miaka mingi na sihudhurii kikao bila kuandika, kwa hiyo nilijitolea kuziweka kwenye blogu yangu. Blogu hiyo naiendesha mwenyewe kwenye seva niliyokodi, na ulinzi wake ni juu yangu. Nilikuwa nimeiwekea programu-jalizi, yaani programu ndogo za nyongeza. Moja humfungia nje anayekosea nywila mara nyingi. Nyingine huhifadhi nakala ya blogu nzima kila Jumapili na kuipeleka mahali pengine. Ya tatu huandika nani ameingia na amebadili nini.

Ya nne ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa ya kupanga picha. Niliacha kuitumia tangu masika, lakini sikuifuta wala kuisasisha. Wadukuzi walipitia humo.

Sikubabaika. Niliifunga blogu kwa muda, nikaifuta ile programu ya picha, nikabadili nywila zote, kisha nikairudisha nakala ya jana yake, Jumapili. Kabla ya saa sita ukurasa wa zamu ulikuwa umerudi. Nikampigia yule mama, kwa majivuno kidogo.

"Fungua sasa."

Akafungua, akasoma. "Dawa imeondoka," alisema. "Na mimi nimeondoka."

Nikatazama. Alhamisi haikuwa na jina. Jina lake lilikuwa limesogezwa hadi mwisho wa orodha, wiki mbili mbele.

Daftari langu la kikao lilisema Alhamisi ni yake. Nikafungua nakala ya Jumapili iliyotangulia, nayo ikasema hivyo hivyo. Kwa hiyo orodha ilibadilishwa kati ya Jumapili hizo mbili, na wauza dawa hawakuhusika. Wao waliufuta ukurasa mzima. Hawakuwa na sababu ya kuchagua jina la mjane mmoja. Nikaenda kwenye ile programu inayoandika nani ameingia. Ijumaa, saa kumi jioni, kwa simu, akaunti ya kamati.

Akaunti hiyo niliifungua mimi ili kamati iweze kurekebisha zamu: moja, kwa wajumbe saba, kwa nywila moja. Kumpa huyu na kumnyima yule kungekuwa kumwambia mjumbe kwamba haaminiki kwenye ndiva iliyochimbwa na babu yake. Hata kibanda cha majembe pale ndiva hakijawahi kuwa na kufuli. Jumatano nilipopanda mlimani kwa ajili ya kikao, nilichungulia kibandani nikaikuta nywila ya zamani imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango, kwa herufi kubwa, nzuri.

"Kwa hiyo, Mwandishi, umekuja kutushtaki?" mwenyekiti aliuliza kikao kilipoanza.

"Nimekuja na karatasi mbili, mzee. Hii ni orodha ya Jumapili ile, na hii ya Jumapili hii."

Zilizunguka mkono kwa mkono. Mjumbe mmoja akasema labda simu ilijibonyeza yenyewe mfukoni.

"Simu hiyo ina akili," yule mama alisema kutoka nyuma. "Majina yote hayo, ikaliona langu tu?"

Watu wakacheka, mwenyekiti naye. Kisha akauliza kama kuna anayepinga kwamba Alhamisi ni ya mama. Hakuna aliyeinua mkono.

Siku hiyo hiyo nilimfungulia kila mjumbe akaunti yake. Nywila peke yake haitoshi tena. Kila anayeingia hutumiwa kwanza namba kwenye simu yake. "Umetufanya wageni kwenye ndiva yetu," mjumbe mmoja alinung'unika, huku akinipa simu yake nimwekee. Nakala sasa huhifadhiwa kila siku. Dawa za tumbo hazijarudi, na sidhani kama zitapata pa kupitia.

Alhamisi yule mama alizibua mwenyewe, nami nilikuwepo. Maji yalifika hadi tuta la mwisho la maharage.

Lakini katika orodha iliyobadilishwa, Alhamisi hiyo haikupewa mtu. Iliachwa wazi, na kwetu kiangazi hakuna anayeacha maji ya siku nzima yapotee. Kuna jina lililokuwa likisubiri kuandikwa pale. Wajumbe wote saba nimewauliza, mmoja mmoja, na wote wamesema hawajui.

Alhamisi hiyo, nilipokuwa nashuka kurudi mjini, niliuvuta tena mlango wa kibanda. Mwandiko ule wa chaki ulikuwa umefutwa kwa kitambaa chenye maji, na mbao zilikuwa bado hazijakauka.