Maji Yaliyolala Kwenye Glasi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za Aprili, mwanangu, miaka michache baada ya Uhuru, nilipokuwa fundi mpya katika kiwanda cha majani chai kule Tetu. Nilikuwa nimetoka chuoni majuzi tu, na nilikuwa mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuushika mara tatu.

Nilikabidhiwa boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji kwa kuni ili mvuke ukaushe majani. Maji yakipungua humo moto ukiwaka, chuma huungua na boila inaweza kupasuka. Nyuma ya ukuta wake akina mama wanane walichambua chai. Kwa hiyo tulipima maji kwa njia mbili. Ubavuni palikuwa na bomba la glasi lililoonyesha yalipofika. Kando yake palikuwa na kifaa kipya: boya la shaba ndani ya chemba, lililowasha taa ya kijani maji yakitosha na nyekundu yakipungua.

Mzee Wamugi, mchochea moto, alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi alifungua bomba dogo chini ya glasi na ile chemba ya boya, maji yakaruka nje kwa kishindo, akafunga na kutazama yakirudi. Nikaogopa. Glasi ikipasuka je? Boya likiharibika? Nikabandika karatasi: MTU ASIGUSE. Aliisoma, akanitazama, akaacha.

Baada ya siku tisa, ndiyo asubuhi hiyo, akaniita.

"Injinia, kuja uone. Hii maji imelala."

"Imelala vipi, Mzee? Iko juu ya alama."

"Maji iko na moto chini yake inacheza-cheza. Hii imetulia kama chai ya mtu amenuna."

"Lakini taa ni ya kijani. Vifaa viwili vinasema jambo moja."

"Ndugu zangu wawili pia walisema jambo moja juu ya mbuzi yangu, na wote walikuwa wameikula. Nifungue?"

Nikasimama pale. Niliwaza majani yatakayoharibika tukizima moto. Niliwaza meneja. Zaidi ya yote, na naona haya kukiri, niliwaza ile karatasi yangu.

Wamugi hakutania tena. "Kijana, wale mama wanangoja wewe umalize kufikiri?"

"Fungua," nikasema.

Yakatoka maji kidogo, kisha tope jeusi, kisha mvuke mtupu. Alipofunga, glasi ilibaki tupu. Nikakimbilia pampu ili niongeze maji, naye akanidaka mkono: maji baridi kwenye chuma kilichoungua ndiyo yangetuua. Tuliwatoa akina mama nje, tukaburuta kuni zinazowaka hadi uani, mvua ikazizima.

Boila ilipopoa tukaifungua. Maji yalikuwa yameshuka chini mno. Tope la mto uliofurika, tulikovuta maji, lilikuwa limeziba njia ya glasi na kulikwamisha boya mahali pake, kwa kuwa siku tisa hakuna aliyelitoa kwa lile bomba dogo. Vifaa vyote viwili vilikuwa vikituonyesha maji ya jana.

Wamugi hakunigombeza mbele ya watu. Alibandua karatasi, akaikunja, akanipa. "Weka hii. Siku moja utakuwa mzee, utaonyesha mtoto."

Mwanangu, ndiyo hiyo nimekuwekea ndani ya bahasha. Wewe unayeanza kazi, usikiamini kifaa kinachokaa kwenye joto na tope kwa sababu tu taa yake inawaka. Kiamini kwa sababu umekijaribu leo. Vikikubaliana viwili, uliza kama havina ugonjwa mmoja. Msikilize aliyeyatazama maji miaka mingi, hata kama hana cheti. Na hofu yako usiiite uangalifu. Mimi niliiita hivyo kwa siku tisa.

Mungu akupe macho yanayoona maji yakicheza, akupe wa kukuita kabla mambo hayajaharibika, na wote walio nyuma ya ukuta wako warudi nyumbani jioni.