Mitandao Mitatu Kwenye Dari Moja

Kifaa chenyewe kilikuwa cheupe, cha duara, kikubwa kama sahani ya ugali, nami ndiye niliyekifunga kwenye dari ya ofisi yetu mjini Biharamulo. Kampuni ilinunua mahindi na kahawa ya wakulima, na mimi nilikuwa fundi wa kompyuta wa tawi. Makao makuu, Mwanza, waliagiza kifaa hicho kimoja kitoe mitandao mitatu ya waifai, kana kwamba dari ina vifaa vitatu: mmoja wa ofisi, mmoja wa mizani ya ghalani, mmoja wa wageni. Aliyeshika simu angeona majina matatu. Asingejua kwamba yote yanatoka kwenye sahani ileile, wala asingeweza kuvuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine.

Ilinichukua siku mbili. Mtandao wa wageni niliubana kama nilivyoelekezwa: nusu saa kwa kila mtu, hakuna video, hakuna kufikia kompyuta zetu. Kwenye ule wa ofisi, kila mfanyakazi aliingia kwa jina lake na neno lake la siri, na wote tulisaini kwamba atakayempa mtu mwingine neno lake ataachishwa kazi. Kisha nikaongeza jambo ambalo sikuagizwa. Niliweka orodha ya kila simu iliyoingia, kwa jina la nani na kwa dakika ngapi, ijitume yenyewe Mwanza kila Jumatatu asubuhi. Napenda mambo yaandikwe.

Mapokezi alikaa mama mmoja wa Kibimba, kule Ngara, mjane mwenye binti wawili sekondari ambao hawakuwa na mwingine wa kumtegemea. Nilipomaliza, aliyatazama yale majina matatu kwenye simu yake akacheka.

"Fundi, umetutengea vyungu vitatu. Kwetu mgeni ukimpa chungu chake pembeni, anaaga."

Alinieleza kwamba kwao pombe ya mtama hunywewa kwenye chungu kimoja. Mwenye nyumba huonja kwanza, kisha humkabidhi mgeni mrija wake mwenyewe. Ukimtengea chombo chake umemwambia humwamini. Nilicheka nami, nikaendelea kukunja nyaya.

Mwezi wa pili alikuja mzee mfugaji wa Nyarubungo, aliyehamia huko zamani kutoka Shinyanga na ambaye kila msimu alituletea mahindi. Mkewe alikuwa hospitali Mwanza, anaingizwa kwenye upasuaji mchana ule, na kijana wao alikuwa amepanga apige simu ya video ili wazee waonane kwanza. Simu ilishika mtandao wa wageni. Picha haikuja. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kwamba mtandao wa wageni hauruhusu.

Aliitikia marahaba, akainua macho darini. "Mgeni ni nani, mwanangu? Mimi nimeanza kuleta mahindi hapa kabla nyumba hii haijawekwa dari."

Nikarudi chumbani kwangu.

Jumatatu orodha ikaenda. Jumanne Mwanza wakapiga simu: jina la mama wa mapokezi, simu isiyo ya kampuni, dakika kumi na mbili. Alipopewa habari kwamba anaachishwa kazi alikuja kwangu, akafunga mlango taratibu.

"Mwanangu, hiyo orodha haifutiki?"

"Imeshafika Mwanza, mama."

"Nani aliipeleka?"

Nilimwambia inajipeleka. Akauliza nani aliifundisha kujipeleka, nikamwambia ni mimi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichokuwa na mpango wa kukinunua. Akasema yule mzee walionana na mkewe, basi.

Niliwaandikia Mwanza ukurasa mmoja na nusu. Nilieleza upasuaji, miaka ambayo mzee ametuletea mahindi, hata chungu na mrija. Walijibu kwa mistari miwili: mfumo umefanya kazi kama ulivyokusudiwa, na jina la mhusika liondolewe kwenye mtandao wa ofisi kabla ya saa sita mchana Ijumaa.

Ijumaa saa tano na nusu nikaliondoa. Kompyuta iliniuliza kama nina uhakika, kama inavyomuuliza mtu yeyote, nikabonyeza ndiyo. Kupitia dirisha la chumba changu nilimwona amekaa kwenye benchi la wakulima, mfuko wake miguuni, akisubiri basi la Ngara. Simu ilikuwa mkononi. Alikuwa anawaandikia binti zake. Akaigusa, akaigusa tena, kisha akanyanyuka akaja mlangoni kwangu.

Aliuliza neno la siri la mtandao wa wageni. Wageni nilikuwa nawaandikia mimi; yeye hakuwahi kulihitaji.

Nilimwandikia kwenye kikaratasi, nikamkumbusha kwamba ni nusu saa. Alisema inatosha, basi lingekuwa limeshafika.