Makapi ya Gahanga

Anayesema mboji hainuki hajawahi kukaa Biryogo, mtaa wetu wa Waislamu mjini, na gunia la makapi ya ndizi lililoshinda juani juu ya baiskeli kutoka kijijini Gahanga. Mimi nimekaa nalo utoto wangu wote, miaka ya sitini na ya sabini, katika ua usiotosha hata kuanika nguo zetu. Nzi walitutangulia kwenye sahani. Majirani walipita uchochoroni wameshika pua, nami, ambaye subira sikupewa, niliwauliza kama pua zao zilitoka Uarabuni.

Makapi yalitoka kwa babu, baba yake mama. Alikuwa mkulima, Mkristo, na fundi wa urwagwa, ile pombe ya ndizi ambayo kwao bila hiyo hakuna posa wala msiba. Alivundika ndizi shimoni mpaka ziive, akazikanda na majani makavu ndani ya hori la mti, akachuja juisi. Kilichobaki, yale majani na nyuzi za ndizi, alikijaza guniani, akampa mwenye baiskeli alete kwa mama. Hakutuma salamu. Hakutuma hata neno moja.

Yeye na mama hawakuwa wameonana tangu siku ya posa. Wazee wa baba yangu, watu wa Biryogo wenye asili ya pwani, walifika Gahanga na kanzu zao safi. Babu akautoa mtungi. Wakashukuru kwa adabu, wakaomba maji. Babu akaagiza mtungi urudishwe ndani, akasema, "Asiyekunywa nami amekuja kununua, hakuja kuoa." Mama akaolewa hivyo hivyo, akasilimu, wala baba yake hakumsindikiza. Miaka ikapita, kisha siku moja gunia la kwanza likashushwa mlangoni kwetu.

Mama alitaka kujua jambo moja tu: lile gunia lilikuwa zawadi au tusi? Aliniuliza mimi, binti yake mkubwa, kwa Kiswahili chake cha kujifunzia ukubwani. "Mutu akitumia mutoto yake makapi, anataka kusema nini?"

"Anataka kusema shamba lako halina mbolea," nilimjibu.

Alicheka kidogo, lakini hakuridhika. Kwenda mwenyewe kuuliza hakuthubutu. Alisema mtoto aliyeondoka bila kusindikizwa harudi mpaka aitwe.

Baba alikuwa fundi cherehani, mtu mwema, ila aliyaogopa maneno ya watu kuliko njaa. Alimhamishia mama shimo lake la mboji nyuma kabisa, karibu na choo. "Makapi ya pombe ndani ya ua wa Mwislamu, mke wangu!"

"Hii si ya pombe, Baba watoto. Hii inatoka mbele haijakuwa pombe."

Na ndivyo ilivyo. Makapi hukamuliwa na kutupwa wakati juisi bado tamu. Kuchacha kunakuja baadaye, mtungini. Nililieleza hilo uchochoro mzima, hakuna aliyesikia. Baba mwenyewe, wakitajwa wakwe zake wa Gahanga, aliguna tu: "La kuvunda halina ubani." Lakini mama alitandaza makapi shimoni, akayafunika kwa jivu la jiko na samadi ya mbuzi, akayageuza kwa jembe kila yalipopata joto, mpaka yakawa udongo mweusi usionuka kitu. Dodo zake, yaani mchicha, ziliota majani mapana kama viganja. Wale wale wenye pua walikuja kuziomba siku za Idi, na mama akawapa. Mimi ningewanyima.

Halafu siku moja, nikiwa mwanamke mzima lakini sijaolewa, magunia yalikuja nje ya msimu. Aliyeyaleta hakuwa yule mzee wa siku zote, bali mtu wa kukodiwa ambaye Gahanga kwenyewe hakujui vizuri.

"Mama, muzigo yako iko hapa. Leo iko mingi."

Yalikuwa mengi kweli, baiskeli nzima ilikuwa imefunikwa. Mama alifungua moja, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko. Yalikuwa bado mabichi, bado matamu. Akabaki ameinama hivyo.

"Pombe ya namna hii ni ya harusi ao ya kilio," alisema. "Na kwetu hakuna mutu amebaki wa kuolewa."

Alijua kwa mkono wake, kabla mtu yeyote hajamwambia, kwamba baba yake amekufa na ameshazikwa, na kwamba sasa inatengenezwa pombe ya kuondolea matanga. Alikaa chini palepale juu ya gunia. Sikuwahi kumwona mama akilia kwa sauti kabla ya siku ile.

Baba alisimamisha cherehani. "Nenda," alisema. "Mzazi ni mzazi." Yeye hakuja, alisema hana uso wa kuingia pale. Nilitaka kumwambia aende na ule aliokuwa nao siku ya posa, lakini nilimwonea huruma, macho yake yalikuwa mekundu.

Tulifika Gahanga siku ya kuondoa matanga. Kwa desturi yao kibuyu huzunguka, kila aliyefiwa anaonja, na akishaonja ametoka matangani. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekishika. Alipofika kwetu alimtazama mama na mtandio wake, akasita, akampita. Hakufanya kwa ubaya. "Hatukuleta habari," alimwambia baadaye, "makapi tulituma kwa mazoea ya mzee tu, tulidhani hutakuja."

Jioni tulikuwa tunaosha vyombo na mkaza mjomba, mke wa huyo mjomba. Mama alimwuliza kilichokuwa kimemkaa rohoni miaka yote. "Wifi, mzee alinitumia makapi kwa nini?"

Mkaza mjomba alimshangaa. "Ulitaka akutumie pombe? Alisema dini yako imekukataza, sasa akupe kitu gani kingine kutoka kwenye hori lake?" Akaangua kibuyu kidogo kilichotundikwa ukutani. "Na hiki hujui? Kila akikamua, alikijaza juisi kabla haijachacha, akakuwekea kando. Alisema pengine gunia litakukumbusha njia. Siku ya tatu, kikishachacha, alikimimina mtungini."

Mama alikichukua, akakigeuza. Kilikuwa kikavu.

"Na safari hii?" aliuliza polepole.

"Safari hii, wifi, nani angekuwekea?"

Tuliporudi Biryogo magunia yalikuwa bado kando ya shimo, yameanza kunuka. Mama alivua mtandio akaanza kuchimba, na baba akatoka na kipimo chake bado shingoni, akamnyang'anya jembe kwa upole, akachimba yeye. Majirani walipita, wala hawakushika pua. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, alilima, alicheka, aliwaoza wadogo zangu. Lakini kwa desturi ya kwao asiyeonja hajatoka matangani, na mama hakuonja.