Shimo la Nywele la Mama Ndaya

Kwenye barabara ile ya Manika, ng'ambo ya kanisa, hakusikiki tena kicheko cha wanawake wanaovutwa vichwa tangu asubuhi. Banda la kusukia lipo. Viti vimeondoka.

Ndaya alisuka pale mpaka vidole vikaanza kufa ganzi. Nywele alizofagia hakuzitupa jalalani, maana nani angekubali zake ziokotwe na mtu mwenye nia mbaya, arogwe nazo? Alizifukia nyuma ya banda, kwenye shimo lenye unyevunyevu. Wateja walilijua shimo hilo, wakamwamini. Bila imani hiyo hakuna kichwa ambacho kingefika mikononi mwake.

Kisha Huguette, mteja wake wa miaka mingi, akapoteza mimba ya pili. Alikuja amekonda, wifi yake nyuma.

"Mama Ndaya, nywele yangu ile ulikata siku dawa ya nywele iliniunguza, iko wapi?"

"Iko mu shimo, mwana yangu."

"Basi tuchimbe."

"Tuchimbe. Hapa Kolwezi nani hajue kuchimba?"

Hakuna aliyecheka utani huo wa mji wa migodi. Ndaya akachukua koleo mwenyewe.

Chini zilionekana meshi, zile nywele za plastiki za kusukia, nyeusi, ziking'aa kana kwamba zimetoka dukani leo. Nywele za watu zilikuwa zimevikwa utando mweupe wa kuvu, mwepesi kama pamba. Alipozigusa zilikatika. Za zamani zaidi zilikwisha kuwa udongo. Ndivyo kuvu ilivyo: huulainisha unywele, huupenya, huula taratibu kutoka ndani mpaka usiwepo.

"Ni kuvu ilikula," alisema.

"Kuvu!" Wifi alipiga makofi. "Inakula nywele ya bantu, inaacha meshi? Iko na akili ya kuchagua?"

"Meshi ni plastiki, mama. Kuvu haiwezi."

Huguette hakupaza sauti. Alichuchumaa, akaupekua ule weupe kwa vidole, muda mrefu, kama anayechambua mchele.

"Ni weye ulichagua, mama. Yangu uliuzisha, ukabakisha meshi."

Ndaya alikuwa na la kujibu. Lakini kila neno lingedai neno jingine, na mwili wote ulikuwa umechoka. Akarudisha udongo shimoni.

Juma lile hakuja mtu. Lililofuata alikuja mmoja, akachungulia nyuma ya banda, akasema amesahau kitu nyumbani.

Sasa Ndaya yuko Kisenge, kwa dada yake. Anauza muhogo sokoni.