Afisa Paka wa Ghala la Busisi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na sare ya shule, kwa sababu sikuwa na nguo nyingine ambayo Shangazi angeiona ya heshima. Nilikuwa kidato cha kwanza, tumefunga shule. Shangazi, ambaye wabebaji wote walimwita Mama Ghala, alikuwa amekaa juu ya gunia la mpunga mlangoni. Akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Unaweza kupiga kelele?"

Nikatikisa kichwa.

"Kugombana na madereva je?"

Nikatikisa tena.

"Basi mizani haikufai. Utakaa na paka."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Nimestaafu juzijuzi nikiwa na miaka kumi na saba, na haya ninawaandikia ninyi wadogo zangu mnaofuga paka. Kuna jambo moja la kazi ile ambalo ninalijua vizuri, na nililijua kwa njia mbaya.

Ghala lilikuwa Busisi, hatua chache kutoka kwenye kivuko. Wakati ule malori ya Sengerema na Geita yalipanga foleni kusubiri kuvuka, na Shangazi alinunua na kuuza mahindi papo hapo. Magunia yalipangwa juu ya chaga, yaani mbao zilizoinuliwa ili unyevu wa sakafu usipande. Msimamizi wangu wa karibu alikuwa Mzee Mizani, mpimaji, mtu mwembamba aliyetembea na bambo mfukoni. Bambo ni chuma chenye tundu. Unalichoma kwenye gunia na punje zinatoka zenyewe, unaona kilichofichwa katikati. Ndiye aliyenipa cheo.

"Afisa Paka!" aliita kila asubuhi. "Leta ripoti ya panya!"

Wabebaji wakacheka, mimi nikaenda kujificha nyuma ya magunia. Ripoti niliiandika kwenye daftari langu. Kusema sikuweza, lakini kuandika niliandika kila kitu: paka gani kala, gani kakohoa, gani kazaa.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mlangoni, kufagia na kuweka maji. Cha pili kilikuwa nyuma ya chaga la mwisho, paka mama alipozaa. Nikiwa kidato cha pili nilipandishwa hadi kwenye dawa. Hii ni dawa ya unga, nyeupe, inayochanganywa na mahindi yaliyopukuchuliwa ili dumuzi na fukusi wasiyatoboe. Mzee Mizani alinifundisha kuichanganya kwa koleo, nimejifunga kitambaa usoni. Akanifundisha na la ziada, ambalo halikuandikwa kwenye paketi.

"Kuku akiwa na utitiri, mpake kidogo chini ya mbawa. Wake zetu wote wanafanya hivyo. Kesho unamkuta mzima, anataga."

Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba ni kweli. Kwa hiyo nilipomkuta kitoto cha paka aitwaye Ulezi ana viroboto, nilimpaka. Sikumwambia mtu. Nilitaka siku moja waseme, ah, Afisa Paka kazi anaijua.

Ulezi alikufa kesho yake. Alitetemeka kuanzia asubuhi, masikio yakichezacheza kama anayeitwa kutoka pande mbili. Baada ya miezi kadhaa akafa Choroko, vilevile. Halafu Mtama.

Hapo ndipo ghala lilipobadilika. Wabebaji waliacha kupumzika ndani mchana. Mmoja alisema nyuma ya chaga la mwisho kuna kitu kinapumua. Mwingine alisema paka mama haangalii tena panya, anaangalia watu. Na hilo lilikuwa kweli: alipanda juu kabisa ya magunia na kututazama mmoja mmoja, taratibu, kama anayehesabu.

Ikabidi apatikane wa kulaumiwa. Kulikuwa na bibi mmoja, Bibi Kabula, aliyekuja kila asubuhi kuokota punje zilizomwagika mlangoni. Alikuwa mzee sana, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, na alipenda kushikashika vile vitoto vya paka akivisemesha Kisukuma. Watu wakakumbuka kwamba alimshika Ulezi. Wakakumbuka alimshika Choroko. Wakaanza kunong'ona kwamba ni mchawi. Shangazi hakumfukuza kwa mdomo. Alianza tu kufagia punje zote mwenyewe kabla Bibi hajafika. Bibi alikuja siku tatu, akakuta sakafu tupu, hakuja tena.

Hata mimi nilimwogopa. Nikikutana naye njiani nilivuka upande wa pili.

Sasa Dengu. Dengu alikuwa wa uzao wa mwisho, wa rangi ya majivu, mdogo kuliko kiganja changu. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetoa wale wadudu wake. Nyinyi wa pwani ya ziwa mnawajua: wanapanda kutoka majini kama moshi mweusi uliosimama wima, mtu mgeni anadhani meli inaungua. Upepo ukawaleta kwetu. Walijaa hadi kwenye mizani, na ghala lote likawa na mvumo mmoja mdogo usioisha.

Nilimkuta Dengu peke yake. Mama yake alikuwa amehamisha wale wengine wawili, yeye kamwacha. Ngozi ya mgongo ilikuwa ikitembea yenyewe, kama maji yanapopitiwa na upepo. Macho yalikuwa meusi yote, yamefunguka katikati ya mwanga, yakitazama ukuta nyuma yangu. Nikageuka. Hapakuwa na kitu. Nikageuka tena, kwa sababu sikio lake lilicheza kuelekea kulekule.

Mzee Mizani akaja, akarudi nyuma hatua moja.

"Huyu kaanza," alisema kwa sauti ndogo. "Mama Ghala! Wa nne huyu!"

Shangazi akaja na wabebaji wawili. Hakuna aliyemgusa.

"Sasa tunafanyaje?" Shangazi akauliza.

"Kiroba, halafu ziwani, kabla hajafa humu ndani. Halafu twende kwa yule bibi tumuulize vizuri. Leo atasema," akajibu Mzee Mizani.

"Kumuuliza vizuri maana yake nini?" Shangazi akasema.

Wabebaji wakatazamana, na mmoja akaenda kutafuta kiroba.

Mimi nikafanya ninachofanya siku zote nikiogopa. Nikaenda nyuma ya magunia, nikafungua daftari. Nilitaka kuandika siku Ulezi alivyokufa, nifananishe. Nikarudisha kurasa. "Ulezi amekufa." Na juu yake, jana yake: "Nimempaka Ulezi dawa ya mahindi, viroboto." Nikaenda kwa Choroko. Nimempaka. Amekufa. Mtama. Nimempaka. Amekufa. Mwandiko ni wangu, wino uleule. Daftari lilikuwa linajua muda wote, na mimi ndiye niliyekuwa nikiliambia.

Na jana nilimpaka Dengu.

Nilirudi. Mbebaji alikuwa ameshafungua mdomo wa kiroba. Nilifungua kinywa na sauti haikutoka, kweli haikutoka, nilisikia pumzi tu. Nikaliweka daftari juu ya mizani, mbele ya Shangazi, nikaonyesha kwa kidole. Sikuwa nimewahi kumwonyesha mtu daftari lile. Shangazi akasoma. Akageuza ukurasa, akasoma. Wadudu walitua kwenye karatasi naye hakuwafukuza.

"Mzee Mizani," alisema mwishowe, "weka kiroba chini. Lete maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Mbio."

Tulimwosha Dengu ndani ya beseni. Maji yawe ya vuguvugu: ya moto yanafungua ngozi dawa iingie zaidi, ya baridi yanamwua kwa baridi. Tukamsuuza mara mbili, tukamkausha kwa khanga ya Shangazi. Mbebaji mmoja alileta maziwa.

"Mnyweshe, maziwa yanakata sumu!"

Nashukuru kwamba yalimwagika. Baadaye niliambiwa kwamba paka anayetetemeka hawezi kumeza vizuri; ukimnywesha kwa nguvu, yanaingia kwenye mapafu.

Bwana Mifugo alikuwa ng'ambo, Kigongo. Nilipanda kivuko na Shangazi, Dengu nimemweka ndani ya sweta, paketi tupu ya dawa mfukoni. Katikati ya ziwa tuliingia ndani ya ule moshi wa wadudu. Abiria wote wakajifunika nyuso kwa khanga na mashati, na sikuiona pwani tuliyotoka wala tunayokwenda. Dengu alikuwa akigonga kifua changu kutoka nje, haraka haraka, na moyo wangu ukigonga kutoka ndani. Kisha akaacha. Nilihesabu hadi kumi na moja kabla hajaanza tena.

Bwana Mifugo hakutaka hadithi.

"Kala nini? Kapakwa nini?"

Shangazi akanitazama. Hakunisaidia.

"Dawa ya mahindi," nikasema. "Mimi."

Akapokea paketi, akasoma maandishi madogo. Akafunua mdomo wa Dengu na kubonyeza ufizi, kuona kama wekundu unarudi. Hivyo ndivyo wanavyopima damu inavyozunguka. Akamchoma sindano ya kutuliza misuli.

"Kuku anavumilia, ng'ombe anavumilia. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hii. Mngechelewa mpaka jioni, mngeleta ngozi. Mweke gizani, pakavu, pa joto, kimya. Asipotaka kula, usimlazimishe, mlete kwangu."

"Ataishi?"

"Niulize keshokutwa."

Siku ya tatu Dengu alilamba mchuzi wa samaki kidoleni mwangu. Sikio la kushoto tu halikupona. Mpaka leo linacheza lenyewe, na anayemwona mara ya kwanza hugeuka kutazama nyuma.

Mzee Mizani alikaa wiki nzima bila kuniita Afisa Paka. Halafu siku moja alisema, akitazama pembeni, "Yale ya kuku nilikufundisha mimi." Shangazi alimpelekea Bibi Kabula debe la mahindi kupitia mbebaji, bila maelezo. Watu wakaanza kumsalimia tena. Lakini hakuna aliyemwambia kwa nini, na wa kumwambia nilikuwa mimi. Nilichelewa. Naandika ukweli: nilichelewa zaidi ya mwaka.

Kisha daraja la kuvuka ziwa likafunguliwa. Malori sasa yanapita juu bila kusimama, na pale kivukoni ukisimama mchana unasikia nyaya za umeme. Shangazi alifunga ghala, machaga yakauzwa kuni. Siku ya mwisho kabisa kazini nilimbeba Dengu hadi kwa Bibi Kabula. Alikuwa amekaa mlangoni, anachambua maharage.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, wale paka niliwaua mimi. Niliwapaka dawa ya mahindi. Haikuwa wewe."

Aliendelea kuchambua. Punje tatu, nne.

"Muda wote huo," akasema, "nikiamka nilikuwa nanawa mikono kwanza, kabla sijamshika mtoto wa mtu. Nikasema labda kweli ninao uchawi, na mwenyewe sijui."

Sikio la Dengu likacheza. Bibi akanyoosha mkono, ukasimama hewani juu ya mgongo wa paka, akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Mkono haukushuka.

"Mshike, Bibi," nikasema.