Mafuta Mazito ya Papa

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya moteri yaliyoungua, pua yangu inaleta na harufu ya maziwa. Musinicheke. Kwetu Kibabi vitu hivyo viwili viliwahi kupimwa kwa kidole kimoja.

Kidole hicho kilikuwa cha Papa, baba yetu. Alitengeneza fromaji, yaani jibini, na kabla ya kupokea maziwa alichovya kidole, akayasugua, akaangalia yanavyoshuka. Yakishuka haraka, mwenye ng'ombe aliambiwa ayarudishe mtoni alikoyachota.

Kaka yangu mkubwa, Bahati, alibeba watu kwa pikipiki. Ilipanda milima kwa kuzungusha moteri mbio na kulia juu kama mbuzi aliyeona kisu. Mama alikaribia kuzaa, na sote tulijua Bahati njo atamupeleka maternite ya Masisi. Kwa hiyo Papa akaamua kuchagua mwenyewe mafuta ya vidanji, yale mapya ya kubadilisha ndani ya moteri.

Dukani Bahati alishika kopo la mafuta mepesi, akaeleza polepole kwamba moteri yake inazunguka mbio, inataka mafuta ya kukimbia nayo. Papa akachovya kidole.

"Hii iko maji," akasema. "Mama yenu hatapanda mulima juu ya maji."

Akachukua mafuta ya lori, yanayoshuka kama maziwa mazuri. Nikamuuliza mwenye duka kama anauza pia fromaji ya pikipiki. Nikapigwa konzi. Bahati hakucheka. Alimuangalia Papa, akaangalia watu waliojaa dukani, akarudisha kopo lake mahali pake.

Uchungu ulimushika Mama asubuhi ya baridi, ukungu bado umelalia nyasi. Pikipiki ilikataa kuwaka, halafu ikakubali, na hatukungoja ipate joto. Mimi nilikaa nyuma ya Mama, nimekumbatia nguo za mutoto. Mlimani Bahati akavuta mkono wa gazi mpaka mwisho. Moteri ikalia, ikaanza kugonga kama sufuria yenye mawe, harufu ya kuungua ikatupanda puani, na gurudumu likakwama. Wanaume wa mashambani wakambeba Mama kwa machela. Mutoto alizaliwa njiani. Hakulia. Mama alipona.

"Ni miye, Papa," Bahati akasema jioni, mbele ya majirani wote. "Nilivuta gazi mingi."

Watu wakamuita Bahati muuaji wa moteri, abiria wakamukimbia, na mimi niliamini kama wao.

Leo niko shule ya ufundi. Mwalimu alipotuonyesha jinsi mafuta mazito, kukiwa baridi, yanavyochelewa kufika juu ya moteri inayozunguka mbio, wenzangu waligeuka kuningojea nitoe mzaha. Sikuwa nao. Nilikuwa namuona Bahati dukani, na kopo lile la mafuta mepesi mkononi. Alijua. Hakuweza kumurekebisha Papa mbele ya watu, na baadaye hakuweza kumuachia mzigo wa mutoto yule.

Nafikiri Papa naye alijua. Maziwa bado anayapima kwa kidole chake, na wenye ng'ombe bado wanamuogopa. Lakini siku ya vidanji anamusindikiza Bahati dukani, anasimama mulangoni, na mikono yake anaiweka mufukoni.